Umefunga ekzosi mpya na pikipiki imeanza vituko? Anzia kwenye dalili

Malalamiko ni yaleyale kila siku. Mtu kanunua ekzosi ya nje (sio ile iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani), kaifunga, mlio umemfurahisha, alafu baada ya hapo pikipiki inapiga mabomu ukiachia mafuta, au haivuti, au inazima ukisimama, au bomba limegeuka bluu. Na karibu wote wanakimbilia kabureta. Wanafungua, wanabadilisha jeti (vile vipande vyenye tundu linalopitisha mafuta kwenye kabureta), wanazungusha skrubu, na baada ya siku kadhaa hawakumbuki tena ilikuwa imewekwaje mwanzoni.

Msimamo wangu ni huu na ntaurudia huko chini: usiguse jeti wala ramani ya mafuta (ile hesabu ya mafuta kwenye kompyuta ya pikipiki ya injeksheni) mpaka uwe na uhakika ekzosi haivuji na imekaa sawa. Shida nyingi zinazoitwa za mafuta ni shida za kufunga tu, gasketi ya zamani imerudishwa, nati moja imekazwa kuliko mwenzake, klempu imebana upande mmoja. Ukirekebisha mafuta wakati kuna hewa inapenya kwenye bomba unasahihisha kitu ambacho hakijaharibika, na siku ukija kuziba panapovuja kila ulichorekebisha kinakuwa kibaya.

Humu nikisema bomba la shingo namaanisha lile linalotoka kwenye injini, na kopo ni ile sehemu ya nyuma inayopunguza mlio. Sailensa ni injini ikiunguruma yenyewe bila kuvuta mafuta. Kuvuta mafuta ni kuzungusha mkono wa mafuta, kuachia ni kuurudisha, na resi ni kasi ya injini kuzunguka.

Kupima kama inavuja, hii fanya kwanza hata kama dalili yako ni nyingine

Toa pikipiki nje. Sio gereji yenye mlango wazi, nje kabisa, manake moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na inaua mtu akiwa ameinama hapohapo anasikiliza mlio.

Injini ikiwa baridi iwashe, vaa glavu nene ya ngozi, kunja kitambaa kizito na uzibe mdomo wa kopo kwa sekunde mbili tatu tu. Ekzosi isiyovuja itakusukuma mkono na injini itaanza kuzidiwa inataka kuzima. Inayovuja itaendelea kuunguruma kama vile hujaziba kitu na utasikia "chaf chaf chaf" mahali moshi unapojitokea, mara nyingi ni pale shingo inapoungana na hedi (kichwa cha injini) au pale kopo linapoingia kwenye bomba. Kama husikii vizuri pakaa maji ya sabuni kwenye maungio kabla hujawasha, washa, uangalie mapovu ndani ya nusu dakika ya kwanza, ukichelewa bomba linapata moto na sabuni inakauka.

Na kama umeshatembea nayo kidogo angalia masizi. Mstari mweusi uliochorwa kuanzia kwenye ungio kwenda nje ni ushahidi tosha, hapo huhitaji kupima zaidi.

Ikivuja, fungua yote na ufunge upya kwa mpangilio. Gasketi ya shingo iwe mpya, ile pete ya shaba au ya grafaiti imetengenezwa ijibonyeze mara moja tu ikajaze nafasi, ukiirudisha imeshakuwa bapa haizibi tena. Kwangua mabaki ya gasketi ya zamani ndani ya tundu, na hapa watu wanapitiwa sana, ile ya zamani inabaki imeganda juu inaonekana kama sehemu ya hedi, mtu anaweka mpya juu yake alafu anashangaa kwa nini bomba linakaa upande. Mulika na tochi, gusa na ncha ya bisibisi, kama ni laini kidogo na inakwaruzika kirahisi basi ni gasketi hiyo itoe.

Sasa mpangilio wa kukaza. Weka kila kitu kwa mkono kwanza, nati za shingo, klempu ya kati, bolti ya kushikilia kopo, vyote vilegee. Tikisa ekzosi mpaka ijipange yenyewe bila kulazimishwa. Alafu anza kukaza kwenye injini, nati hii kidogo na ile kidogo kwa kupokezana ili flanji (kile kibati cha shingo kinachokazwa kwenye hedi) ishuke sambamba, ukija kwenye klempu, ukimalizia na bolti ya kopo. Ukianza nyuma kwenda mbele unakuwa umeivuta shingo upande na haitakaa sawa kwenye gasketi hata ukaze vipi. Stadi (zile bolti zisizo na kichwa zinazochomoza kwenye hedi) za M6 kwa kawaida zinataka mkazo wa kama Nm 10 mpaka 12, za M8 kama 20 mpaka 25, ila kitabu cha pikipiki yako ndio chenye neno la mwisho. Tembea kidogo, iache ipoe kabisa, rudia kukaza, manake gasketi mpya ikishapata moto inashuka na nati zinalegea.

Kabla ya kuwasha futa bomba lote kwa spiriti. Alama za vidole zenye mafuta zikiungua kwenye stenlesi au titani zinabaki hapo milele.

Inapiga mabomu ukiachia mafuta

Hii ndio inaongoza. Kinachotokea ni kwamba ukifunga mafuta ghafla huku gia ipo injini inavuta mchanganyiko usiowaka vizuri, mafuta yanatoka mabichi mpaka kwenye bomba la moto, yakikutana na hewa safi yanalipukia humo. Kwa hiyo jiulize, hiyo hewa safi imetoka wapi?

Sababu ya kwanza kwa mbali ni uvujaji. Watu wanabisha wanasema moshi unatoka nje, hewa itaingiaje, ila ndani ya bomba presha haiko sawa muda wote, inapanda na kushuka kwa kila pigo la injini na kati ya pigo na pigo inashuka chini ya presha ya nje, hapo ndio bomba linavuta hewa kupitia kwenye mwanya. Tundu dogo tu la upana wa unywele linatosha kupiga mabomu barabara nzima.

Ya pili ni mfumo wa kuingiza hewa kwenye tundu la moshi. Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina hozi inatoka kwenye boksi la eya klina inaenda kwenye valvu ndogo na kuingia kwenye hedi, kazi yake ni kupeleka hewa ili mafuta yaliyobaki yaunguzwe na moshi upungue uchafu. Ekzosi ya kiwandani ilikuwa inameza ule mlio, hii mpya iliyo wazi inautoa nje. Angalia hozi isiwe imepasuka au imechomoka wakati unafunga, na ile valvu iwe inafunga ukiachia mafuta. Wengine wanaiziba kabisa. Ukiziba mabomu yanapungua kweli, ila sehemu nyingi huo mfumo ni sehemu ya masharti ya moshi na ukaguzi unaweza kukukataa, hivyo jua kabla hujafanya.

Ya tatu sasa ndio mafuta, mchanganyiko wa sailensa una hewa nyingi. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko. Kama ipo upande wa injini ni ya mafuta, ukiifungua nje unaongeza mafuta. Kama ipo upande wa eya klina ni ya hewa, ukiifungua unapunguza mafuta. Kabla hujaigusa izungushe ndani taratibu ukihesabu mpaka ikae, andika ile namba, alafu irudishe ulipoikuta. Usiikaze kwa nguvu ikifika mwisho, ncha yake ni nyembamba, inakatikia ndani au inatanua kitundu na kabureta imekwisha. Nyingi zinakaa vizuri kati ya mizunguko 1.5 na 2.5. Songesha robo mzunguko kwa wakati mmoja, na ukijikuta umefika mizunguko 3 bado haitoshi basi jeti ndogo inatakiwa ipande saizi moja.

Mlio mdogo mdogo wa "pop pop" ukishuka mlima na ekzosi iliyo wazi ni wa kawaida usiuwinde. Mlipuko mkubwa kama baruti, unaotoa moto nje au unaotikisa pikipiki, simama. Unaweza kupasua kopo, na kama pikipiki ina katalisti (kichujio cha kusafisha moshi) ndani unaiyeyusha. Hiyo ipeleke kwa fundi, hasa kama mabomu yanapiga hata ukivuta mafuta, hapo shida inaweza kuwa moto wa plagi au valvu na haihusiani na ekzosi hata kidogo.

Mlio wa tik tik mbele, unapungua injini ikipata moto

Karibu kila mara ni gasketi ya shingo. Chuma kikiwa baridi kuna mwanya, kikipata moto kinatanuka kinaziba. Watu wanadhani ni valvu, wanakwenda kurekebisha valvu ambazo hazina shida. Tofautisha hivi: tik ya valvu inasikika juu ya hedi na inabaki hata moto ukipanda, tik ya ekzosi inasikika chini kwenye flanji na inaongezeka ukipiga resi ikiwa baridi. Chukua hozi ndefu ya mpira, weka mwisho mmoja sikioni na mwingine usogeze karibu na flanji bila kugusa, utasikia inapuliza waziwazi.

Kama gasketi ni mpya na bado, weka rula juu ya flanji uone kama imepinda. Flanji nyembamba za ekzosi za bei rahisi zinapinda zikikazwa upande mmoja. Ufa kwenye weldi ya shingo nao unatoa mlio huohuo, osha pale na mswaki wa waya uangalie na tochi.

Imepoteza nguvu, haivuti kutoka chini

Mtu alitegemea nguvu zaidi akapata pungufu na anaona ameuziwa kitu kibovu. Inawezekana hakuna kilichoharibika, ni ukubwa tu. Pikipiki ya cc 125 au 150 ya silinda moja inataka bomba jembamba ili moshi ukimbie kwa kasi na kuvuta ule unaofuata. Makopo mengi ya kufunga popote yana mdomo wa mm 51, yametengenezwa kwa injini kubwa, na kwenye pikipiki ndogo yanafungwa kwa pete ya kupunguza. Moshi ukitoka kwenye bomba jembamba ukaingia ghafla kwenye uwazi mkubwa wimbi la presha linalorudi kwenye valvu linabadilika, na mara nyingi kinachopotea ni nguvu ya resi ya chini na ya kati, yaani pale unapoihitaji ukiwa umebeba mtu unapanda mlima.

Angalia kwanza rahisi: ile pete ya kupunguza ipo? Imebana au inavuja pembeni? Kile kizuizi cha ndani cha mlio umekitoa? Kirudishe ujaribu. Wengi wanakuta nusu ya nguvu waliyopoteza imerudi palepale na mlio umekuwa wa kistaarabu. Kama bado haivuti na resi ya juu iko sawa, basi ekzosi hiyo sio ya injini hiyo, na hakuna jeti itakayorudisha kitu ambacho umbo la bomba limekiondoa.

Kwenye tusitroku mambo ni makali zaidi. Lile tumbo la ekzosi linarudisha wimbi kusukuma mchanganyiko mbichi usitoroke kwenye silinda, urefu wake na umbo lake vimepigiwa hesabu. Usikate, usifupishe, usichomelee bomba la fostroku kwenye tusitroku. Injini ikipelekwa hivyo na mafuta hayatoshi pistoni inajamu.

Inajikata au kumisi ukivuta mafuta

Hakikisha tena haivuji, nilisema ntarudia. Plagi iwe nzima, eya klina iwe safi, hozi zote ulizochomoa kupata nafasi ziwe zimerudi. Sasa ndio tunafika kwenye kabureta.

Jua kwanza inajikata ukiwa umevuta mkono kiasi gani, manake kila sehemu ya kabureta ina eneo lake. Kuanzia umefunga mpaka robo ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Kuanzia robo mpaka robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka ukivuta mafuta. Robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Paka alama kwa tepu kwenye mkono wa mafuta na kwenye hausingi yake ujue uko wapi, usikisie kwa hisia za mkono.

Alafu jua kama mafuta ni machache au mengi. Njia ya haraka ni choki: pale inapojikata vuta choki kidogo. Ikichangamka mafuta ni machache. Ikizidi kuwa mbovu mafuta ni mengi. Thibitisha na plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri, nyeupe kama chokaa au yenye vipele vilivyoyeyuka ni mafuta machache na joto kali, nyeusi kavu yenye masizi ni mafuta mengi, nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu na hapo ekzosi haihusiki. Plagi ya kusoma iwe mpya, na uisome baada ya kutembea kwenye kiwango kilekile cha mafuta kisha kuzima injini hapohapo, ukirudi nyumbani kwa sailensa unasoma sailensa.

Kwa kawaida ekzosi iliyo wazi zaidi inataka mafuta zaidi. Kama umebadilisha kopo tu na eya klina ni ya kiwandani, saizi moja au mbili za jeti kubwa zinatosha, na wakati mwingine hata hiyo haihitajiki. Panda saizi moja, jaribu, soma plagi, ndio upande nyingine. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Sindano ukishusha klipu kwenye mfereji wa chini unainyanyua sindano na kuongeza mafuta, kama haina mifereji unaweka washa nyembamba ya nusu milimita chini yake. Na ukinunua jeti angalia ni ya kabureta gani, namba za Keihin na za Mikuni hazilingani, moja inahesabu upana wa tundu na nyingine kwenye jeti zake nyingi inahesabu kiasi kinachopita, ukichanganya unaweza kujikuta umeshusha ukidhani umepandisha. Ukihamia sehemu ya juu sana milimani hewa ni nyepesi na mchanganyiko uleule unakuwa na mafuta mengi, usishangae.

Onyo ambalo nalimaanisha: kama plagi ni nyeupe na injini inapata moto kupita kiasi au unasikia mlio wa kugongagonga ukivuta mafuta yote, usiendelee "kujaribu kidogo tu". Mafuta machache kwa resi kubwa yanatoboa pistoni. Zima, isukume, ipeleke.

Sailensa haitulii, inazima ukisimama

Mara nyingi umeyumbisha kabureta wakati unafunga ekzosi. Angalia ule mpira wa maniifodi kati ya kabureta na injini, klempu zake zikilegea au mpira ukiwa na nyufa hewa inaingia bila kupimwa. Puliza kidogo spreya ya kusafishia kabureta kuzunguka huo mpira, injini ikiwa baridi na mbali na moto, resi ikibadilika umeipata. Hozi ndogo ya vakyumu iliyochomoka inafanya hivyohivyo. Vikiwa sawa rudi kwenye skrubu ya mchanganyiko kama nilivyoeleza, alafu umalizie na skrubu ya resi injini ikiwa na moto wake wa kawaida, sio baridi.

Pikipiki ya injeksheni: taa ya injini imewaka, au inakula mafuta ghafla

Hapa uvujaji unadanganya hata kompyuta. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye shingo, inatuma voti kama 0.1 moshi ukiwa na hewa nyingi na kama 0.9 ukiwa na mafuta mengi. Flanji iliyo mbele yake ikivuja hewa ya nje inaingia, sensa inaona oksijeni, inatoa taarifa kwamba mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza. Unapata pikipiki inayonuka petroli, plagi nyeusi, tanki linaisha haraka, na mtu anakushauri ukabadilishe ramani. Gasketi mpya tu ingetosha.

Ikiwa haivuji angalia plagi ya waya wa sensa kama imeingia mpaka imelia "klik", na waya wenyewe usiwe umegusa bomba ukayeyuka. Ekzosi mpya haina tundu la sensa? Usiiache inaning'inia hewani, kompyuta itakuwa inasoma hewa ya nje muda wote. Chomelea nati ya saizi sahihi, zipo za M12 na za M18, pima ile ya zamani. Na wakati wa kuchomelea toa bomba kwenye pikipiki kabisa, umeme wa weldi ukipita kwenye fremu unaweza kuua kompyuta. Pikipiki nyingine kubwa zina valvu ndani ya ekzosi inayovutwa na mota kwa nyaya, ukiitoa taa inawaka mpaka uweke kifaa kinachoiambia kompyuta mota ipo.

Ukibadilisha kopo peke yake kompyuta kwa kawaida inajirekebisha kwenye mwendo wa kawaida. Ila ukivuta mafuta yote haiisikilizi sensa tena, inafuata ramani iliyoandikwa kiwandani, kwa hiyo ukiweka mfumo mzima na eya klina iliyo wazi ramani inatakiwa iandikwe upya. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye dino (mashine ya kupima nguvu ya injini) na kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, ambacho kwa nguvu kamili kinatafuta karibu hewa 13 kwa mafuta 1. Faili la mtu mwingine hata akiwa na pikipiki kama yako usilipakie ukaondoka nalo kwa mwendo mkali.

Bomba limegeuka bluu

Stenlesi yenye ukuta mmoja inageuka dhahabu na bluu karibu na injini hata kila kitu kikiwa sawa. Wasiwasi uwepo rangi ikifika mbali kuelekea nyuma, au bomba likiwa jekundu usiku kwenye sailensa. Hapo sababu ni mafuta machache au moto wa plagi unachelewa. Soma plagi siku hiyohiyo.

Moshi na maji

Dakika za kwanza za ekzosi mpya moshi mweupe unaonuka oili na rangi ni wa kawaida, mafuta ya kiwandani yanaungua. Maji yanayodondoka asubuhi nayo ni sawa, lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, ndio maana makopo mengi yana kitundu chini, usikizibe. Moshi mweusi ni mafuta mengi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua kwenye injini, hakuna ekzosi inayosababisha hiyo.

Mlio umezidi

Mlio ukipanda ghafla baada ya muda ni fiba ya ndani (ile inayomeza mlio kwenye kopo) imeungua au kizuizi kimeng'oka riveti. Fiba inafungwa upya, vaa glavu na barakoa, ijaze ikae imara bila kuibana kupita kiasi. Na masikio yako ni ya kwako, kwenye desibeli 100 muda ulio salama kwa siku ni kama dakika 15 tu. Ukaguzi wa mlio pikipiki ikiwa imesimama kwa kawaida unapimwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi kwa pembe ya digrii 45, kwa hiyo kugeuza mdomo juu hakukuokoi.

Inagusa, inatetemeka, mshikio unakatika

Kopo halitakiwi kuning'inia kwenye shingo. Uzito wake ubebwe na mshikio wenye mpira. Mshikio ukikatika mara mbili mahali palepale usichomelee tena tu, kuna kitu kinavutwa: legeza vyote uone bomba linarukia upande gani, hapo ndipo lilipokuwa limelazimishwa. Usilipinde kwa bomba la chuma liingie, ufa utatokea kwenye weldi ya flanji.

Kupima nafasi mwambie mtu mzito akae pikipiki ikandamizike, wewe chuchumaa uangalie kati ya ekzosi na tairi, mkono wa gurudumu, hozi ya breki, kiki na stendi. Uwepo upana wa kidole hata shokapu ikishuka mwisho. Hozi ya breki ikiwa karibu na bomba usiipande pikipiki kabisa mpaka uihamishe hiyo hozi.

Nati ya shingo haifunguki, au stadi imekatika

Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, rudia asubuhi. Jaribu kuikaza kidogo sana kwanza ikatike kutu, ndio uifungue, nenda mbele rudi nyuma, usitumie spana ndefu ukaning'inia. Injini ikiwa na uvuguvugu inasaidia ila usimwagie mafuta kwenye bomba la moto. Ukifanikiwa paka grisi ya shaba kwenye nyuzi wakati wa kurudisha, na punguza mkazo kidogo kwa sababu nyuzi zenye grisi zinavutika zaidi.

Ikikatika ikabaki imechomoza unaweza kuishika na koleo la kujifunga. Ikikatikia ndani ya hedi simama hapohapo. Hedi ni aluminiamu na stadi ni chuma kigumu, drili inateleza inakula pembeni, na kitoa stadi cha bei rahisi kikikatikia humo hakuna drili ya kawaida itakayokitoboa. Ziba tundu la moshi kwa kitambaa safi, usiiwashe, mpelekee fundi mashine mwenye vifaa vya kuitoa na kuweka nyuzi mpya.